Uzoefu Usio na Karatasi

Jioni hii nazungumza kwanza na wasikilizaji wa Ilongero, Mtinko, Mgori, hapa mkoani Singida, na vijiji vya njia ile inayokwenda kutokea Haydom, maana ninayotaka kusema yanawagusa ninyi kabla ya wengine.

Kuna tangazo ambalo naamini kila mmoja wenu amelisoma. Limebandikwa ukutani steshenari, kati ya karatasi ya shamba linalouzwa na ile ya kitambulisho kilichookotwa. Anahitajika kijana wa kuuza duka. Awe mwaminifu, mchangamfu, aliyemaliza kidato cha nne, mwenye uzoefu usiopungua miaka miwili. Duka lenyewe ukilifuata unakuta rafu tatu: makava ya simu, chaja, na betri za redio kama hii unayoisikiliza. Mwenye duka simlaumu. Pengine alishaibiwa. Pengine alimfundisha kijana mpaka akaiva, kesho yake kijana akahamia duka la jirani kwa nyongeza ya elfu ishirini. Ila akishaandika hiyo miaka miwili, amewaondoa kwa mstari mmoja vijana wote waliomaliza shule mwaka jana na mwaka juzi.

Najua mnachongoja niseme: huo uzoefu ataupata wapi, kama hakuna anayemwajiri ili aupate? Swali ni la haki. Lakini tumelirudia miaka nenda miaka rudi kwenye mikutano na kwenye vipindi kama hiki, halijazaa kitu, na mimi nadhani limekaa vibaya tangu mwanzo. Linakubali kwamba kijana wa Ilongero hana uzoefu. Hapo ndipo ninapobisha.

Mchukue kijana wa kuku. Kwa msikilizaji asiyetoka huku nitaeleza kidogo. Singida ina sifa ya kuku wa kienyeji, na wengi wanaomla Dar es Salaam hawajui alikotoka. Ametoka kwa mama mmoja kijijini, akafuatwa na kijana mwenye pikipiki au baiskeli, tenga limefungwa nyuma. Kijana huyo anajua kijiji gani kina majogoo makubwa msimu huu, na kijiji gani asitie mguu kwa sababu kideri kimeingia. Anamshika kuku chini ya bawa, anampima uzito kwa mkono, anamtazama macho, anamgeuza nyuma, anataja bei. Anajua kwamba bei inapanda kuelekea Krismasi na Idd. Anajua kwamba wakati wa palizi mama ana shida ya hela na atakubali bei ya chini, na anajua pia kwamba akimlalia sana leo, mwezi ujao mama huyo atamuuzia mwingine. Asubuhi anapokea fedha ya tajiri, yaani mwenye mtaji, jioni anarudisha hesabu: wamenunuliwa wangapi, wamekufa njiani wangapi, mafuta ya pikipiki kiasi gani, chake kiasi gani. Akikosea analipa mwenyewe.

Haya, mwambie kijana huyo aandike wasifu wake. Nimewahi kuombwa kusoma wasifu za namna hiyo, na zinafanana. Jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa. Lugha: Kinyaturu, Kiswahili, Kiingereza cha wastani. Anachopenda: kusoma vitabu na kuangalia mpira. Uzoefu wa kazi: hakuna. Msikilizaji, mtu amenunua na kuuza viumbe hai kwa fedha ya mtu mwingine miaka minne mfululizo, hajalaza hesabu hata siku moja, halafu anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba hana uzoefu. Ukimuuliza mbona hivi, anacheka. "Ile si kazi, kaka. Ile ni kuhangaika tu."

Na si kuku peke yake. Msimu wa alizeti unapofika, kuna vijana wanaokaa kwenye mzani kuanzia alfajiri, wanapima magunia, wanajua kutia mkono ndani ya gunia na kusema hii haijakauka, irudishe. Kuna wanaolala na mashine za kukamua, wanaojua kwa sauti tu kwamba kuna kitu kimelegea, wanaojua mafuta yatoke lini na mashudu yauzwe kwa nani. Kuna waliofunga vitunguu wakavifikisha soko la Misuna na kusimamia upakiaji wa lori. Kuna mabinti wanaoshinda kwenye kibanda cha uwakala wa fedha za simu, mamilioni ya shilingi za watu yanapita mikononi mwao kwa mwezi, na jioni salio linalingana na daftari. Benki ikitangaza nafasi ya karani wa dirishani, binti huyo haombi. Anasema hana uzoefu wa mambo ya fedha.

Sasa linganisheni na hili. Tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa, na vijana wengi wa mkoa huu walipata kazi ya muda ya ukarani wa Sensa. Walipewa mafunzo, vizibao na vishikwambi, wakapita nyumba kwa nyumba, kazi ikaisha. Kila kijana aliyeifanya ameiandika kwenye wasifu wake, juu kabisa, kwa herufi nzito. Na ana haki. Lakini ukarani ule ulikuwa wa wiki chache, na kuku ni wa miaka minne. Kilichofanya Sensa iwe uzoefu na kuku wawe mahangaiko ni kwamba Sensa ilikuwa na jina la kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na mtu wa serikali aliyejua kwamba fulani alikuwepo. Kuku hawana hata kimoja cha hivyo. Ndiyo maana nasema upungufu wetu mkubwa Ilongero ni wa mtu wa kuiona kazi ya kijana na kuweka sahihi chini yake.

Tazameni jambo jingine dogo ambalo watu hulipita haraka. Matangazo ya ajira serikalini yanamtaka mwombaji aweke majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Kijana aliyekulia Dodoma mjini au Dar es Salaam anaandika mhadhiri wake, meneja wa kampuni aliyofanyia mafunzo kwa vitendo, na rafiki wa baba yake aliye mwanasheria. Kijana wa Ilongero anaandika mwalimu mkuu ambaye alishahamishwa na namba yake haipatikani, mwenyekiti wa kijiji, na katekista au imamu wake. Hawa wote ni watu wazito na watasema kweli kwamba ni mtoto mwenye adabu, hanywi, hana kesi. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona akifanya kazi ya mshahara. Aliyemwona ni yule tajiri wa kuku. Na tajiri wa kuku hajaandikwa, kwa sababu kijana anaona aibu.

Kuna watu wazima wananisikiliza hivi sasa wakinung'unika: wewe mtangazaji unawatetea, vijana wa leo wanachagua kazi, kila mmoja anataka kiti cha serikali. Wazee wangu, shikamooni. Naomba tulitazame hilo la kiti cha serikali, maana hapo ndipo nadhani tunawaonea.

Juni 2014, Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili, ikabidi ufanyike Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa sababu hapakuwa na ukumbi wa kuwatosha. Walikuja zaidi ya elfu kumi kugombea nafasi 70. Picha zile za vijana wamejaa majukwaani wengi mnazikumbuka. Karibu miaka kumi na moja baadaye, mwanzoni mwa 2025, Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Ukigawanya, kila nafasi moja iliwaniwa na watu themanini na tano hivi. Kipindi hichohicho walimu zaidi ya laki mbili walikuwa wameomba nafasi elfu kumi na nne na ushee za ualimu.

Tunaziona namba hizo tunasema: vijana wanapenda serikali. Inawezekana. Kuna pensheni, kuna bima ya afya, kuna mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Lakini hebu yasome matangazo yenyewe. Chukua la Mtendaji wa Kijiji Daraja la Tatu, ambalo halmashauri zetu hulitoa kila zikipata kibali. Linataka kidato cha nne au cha sita, linataka cheti cha utawala au sheria au maendeleo ya jamii kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa, linataka umri usizidi miaka 45. Uzoefu halitaki. Nafasi nyingi za kuanzia serikalini ziko hivyo. Sasa weka tangazo hilo kando ya lile la duka la makava ya simu. Duka la rafu tatu linadai miaka miwili, na ofisi inayosimamia kijiji kizima haidai hata siku moja. Mngekuwa ninyi mngeelekea wapi? Watu wale laki moja na ushee wamekwenda kwenye mlango ambao haukuwauliza walifanya nini jana.

Na mlango huo zamani ulikuwa mpana. Wazee mnaonisikiliza, wengi wenu mliajiriwa bila mtu kuwauliza uzoefu, na mjisikie huru kukubali. Nchi ilipopata uhuru wasomi walikuwa wa kuhesabika. Aliyemaliza chuo alipangiwa kazi, kazi akaijulia kazini, na gharama ya kumfundisha ikabebwa na mwajiri, yaani na sisi sote. Mambo yalipobana, serikali ikatunga Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, na vijana walioonekana kuzurura mijini wakakamatwa na kusombwa kupelekwa mashambani. Dhana ilikuwa kwamba asiye na kazi ni mvivu. Sheria ile haitumiki tena kwa namna ile, lakini dhana haijafa. Inakaa sebuleni kwetu kila jioni. Ualimu ulikuwa miongoni mwa milango ya mwisho kubaki wazi: waliohitimu mpaka mwaka 2014 walipangiwa vituo moja kwa moja. Waliomaliza kuanzia 2015 wakakuta umebanwa. Kuna mwalimu wa mwaka huo, mwenye shahada, yupo huku kwetu anafundisha kwa kujitolea shule ya kata, wazazi wanachanga anapata cha sabuni. Huyo naye akitafuta kazi shule binafsi ataulizwa uzoefu, na kujitolea kwake kote hakuna barua.

Nimelitaja neno kujitolea, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo dawa tunayowapa vijana siku hizi. Jitolee, upate uzoefu. Tangu 2017 nchi ina mwongozo wa mafunzo ya kazi kwa wahitimu, na mpango wenyewe ni mzuri: mhitimu anapelekwa kwenye kampuni au taasisi, anafanya kazi kwa miezi kadhaa, anatoka na cheti. Waliopita humo baadhi wamebakizwa kazini. Lakini kampuni hizo ziko wapi? Ziko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza. Kijana wa Ilongero akiitwa, jambo la kwanza analoulizwa na mama yake ni moja tu: utalala wapi? Kama ana shangazi Dodoma, uzoefu ameupata. Kama hana shangazi, posho yote inaishia kwenye chumba na daladala, na mwezi wa pili yuko stendi anarudi. Mimi mwenyewe kazi hii ya redio niliianza kwa kubeba nyaya na kuchemsha chai bila malipo, na kilichoniwezesha ni mjomba aliyekuwa na chumba cha uani Singida mjini. Kipaji changu kingebaki kijijini bila chumba kile. Kwa hiyo tunaposema huyu ana uzoefu na huyu hana, mara nyingi tunasema tu kwamba huyu ana ndugu mjini.

Ndiyo maana kuhamishiwa kwa makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida pale Ilongero, kutoka mjini, naona ni jambo kubwa kuliko tulivyolichukulia. Tulilichukulia kama jambo la majengo na la bei ya viwanja. Lakini sasa pale kuna masijala, kuna wahasibu, kuna ofisi ya kilimo, mifugo, ardhi, manunuzi, kuna watu wa kompyuta. Kijana anaweza kulala kwao, akala ugali wa kwao, akaenda kwa miguu kujifunza kazi ya ofisi. Shangazi wa Dodoma hahitajiki. Halmashauri ingepokea vijana wachache wa kata za jirani kila baada ya miezi sita, wenye cheti na wasio na cheti, ikawapa kazi ya kweli na si ya kutumwa vocha, kisha ikawaandikia. Mkurugenzi haongezewi mtu kwenye orodha ya mishahara kwa hilo. Meza na kiti, na mkuu wa idara mwenye moyo wa kufundisha.

Dawa ya pili tunayowapa ni ile ya kwenye mahafali. Mgeni rasmi anasimama, anapigiwa makofi, anasema: vijana, msisubiri kuajiriwa, jiajirini. Kisha anapanda gari analolipiwa mafuta na mwajiri wake. Mnisamehe, nina wivu na magari yale. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu kujiajiri. Siku ya kwanza ya biashara yako wewe ndiye mnunuzi, ndiye muuzaji, ndiye mhasibu, ndiye mlinzi, ndiye wa kubishana na mtu wa ushuru. Mwajiriwa mpya akikosea anakaripiwa. Aliyejiajiri akikosea anapoteza mtaji, na mtaji wenyewe mara nyingi ni mbuzi wa baba. Waulizeni vijana walioweka alizeti stoo kungoja bei ipande, halafu bei ikashuka msimu wa 2023, wakati mafuta ya nje yamejaa sokoni. Mfanyabiashara mzoefu aliona dalili akauza mapema. Wao walikuwa wanajifunza. Tunamwambia mtu asiye na uzoefu wa kuuza duka la mwenzake kwamba basi aanzishe la kwake, na tunaona tumemshauri.

Ipo mikopo ya halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo asilimia nne yake ni ya vijana. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirudi na vikundi vingine havipo, ikarudishwa 2024. Sina ugomvi nayo. Nasema tu kwamba hata pale, kamati inayokaa kupitia maombi ya kikundi ingefanya kazi yake vizuri zaidi kama ingekuwa na karatasi inayoonyesha kwamba kijana huyu anayeomba fedha ya kuku amewahi kushika kuku wa mtu na hakupoteza hesabu.

Tunarudi kwenye karatasi, basi. Na hapa nina jambo ambalo waajiri wengi wa huku hawalijui, au wanalijua na kunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inasema mkataba wa ajira unapofika mwisho, mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi. Haisemi kampuni kubwa tu. Haisemi wenye digrii tu. Nimewauliza vijana waliofanya kazi kwenye mashine, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kwenye migahawa ya stendi, kama kuna aliyewahi kupewa. Wengine walidhani nawatania. Wanaondoka wakiwa na hela ya mwisho mkononi, na mwajiri anayefuata anawahesabu kama watu waliozaliwa jana.

Kwa wenye ufundi, njia ipo na imefunguliwa siku nyingi, ila haijatangazwa vya kutosha vijijini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi aliyejifunza gereji chini ya mwembe, mwashi aliyeanza kama saidia fundi, mpishi wa mgahawa: anajiandikisha, anapimwa na watu wanaoijua kazi, akifaulu anapewa cheti bila kurudi shule. Chuo cha VETA kipo Singida mjini. Nauli ya kwenda kuuliza si kubwa. Na tangu 2024 serikali imeanza mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kwenye sekondari, kwa hiyo wadogo zao huenda wakatoka shule na ujuzi wa mkono tayari. Hayo ni mema. Lakini kijana wa kuku, binti wa uwakala na yule wa mzani wa alizeti hawana fani ya kupimiwa. Kwao hakuna mtihani. Kwao kuna barua ya tajiri tu.

Wenzetu wana njia zao za kuhakikisha karatasi inatoka. Katika miji mingi ya Ghana, fundi akimaliza kumfundisha mwanagenzi wake, wanafanya sherehe. Ndugu wanakuja, chakula kinapikwa, na mwanagenzi anakabidhiwa cheti chake mbele za watu, hata kama kazi ni ya kushona nguo au kusuka nywele. Fundi asiyetaka kutoa cheti atawaeleza nini wageni? Ujerumani wamekwenda mbali zaidi: mwanagenzi anafanya kazi kiwandani na kusoma, miaka miwili mpaka mitatu na nusu, na mwishowe anapimwa na chemba ya biashara na viwanda ya eneo lake, ili asitegemee hisani ya bosi mmoja. Sisi mwanagenzi akiiva, fundi anamwambia haya kijana, kajitegemee, akimpa bisibisi mbili tumshukuru Mungu.

Waajiri mna hoja yenu, nimeisikia, na si ya kupuuza. Mnasema kufundisha ni gharama. Kweli. Lakini ninyi mlio na wafanyakazi kumi na kuendelea mnalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile mnayoiita SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara yote. Mnailipa, mnalalamika, halafu hamwendi kudai matunda yake. Chama cha wakamuaji wa alizeti wa mkoa huu kingekuwa na haki kabisa ya kusimama na kuuliza: fedha hii imetufundishia vijana wangapi wa mashine?

Hoja ya pili ni kwamba barua zinaghushiwa. Hiyo nayo ni kweli, na nchi hii inalo kovu lake: Aprili 2017 ilitangazwa kwamba watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vya Baraza la Mitihani, msikilizaji, si barua za tajiri wa kuku. Kwa hiyo karatasi yenyewe haitoshi, iwe na nembo au isiwe nayo. Kinachoipa nguvu barua ya Ilongero ni kwamba aliyeiandika anajulikana. Weka namba ya simu. Mwajiri wa Singida au Dodoma apige, aulize: huyu kijana alikaa kwako? Alikuwa anarudisha hesabu? Aliondoka kwa heri? Dakika mbili tu. Mnatumia dakika nyingi zaidi mkiulizana huyu ni mtoto wa nani.

Na si lazima iwe barua ya kompyuta yenye maneno mazito. Nusu ukurasa kwa kalamu unatosha. Fulani alifanya kazi kwangu kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani. Kazi yake ilikuwa kununua kuku vijijini, kutunza fedha na kuleta hesabu kila jioni. Kiasi alichokuwa akishika kwa siku ni hiki. Hakuwahi kupoteza. Sahihi, namba ya simu, na ukitaka uzito zaidi nenda kwa mtendaji wa kijiji akagonge mhuri kwamba anakufahamu. Kijana naye akifika steshenari kuandika wasifu, pale kwenye uzoefu wa kazi afute lile "hakuna", aandike: mnunuzi wa kuku, miaka minne, na mdhamini wa kwanza awe tajiri wake.

Mashine za alizeti bado zinaunguruma sasa hivi, na nyingi zitazimwa mbegu zikiisha. Wenye mashine wa Ilongero na Mtinko, ambao najua mnanisikiliza kwa sababu redio yenu huwa juu kuliko hata mashine, nawaomba jambo moja kabla hamjamlipa kijana hela yake ya mwisho. Mwambieni alete kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, na jina mliandike herufi kwa herufi kama lilivyo pale. Msimwandike Ngosha wala Dogo wala Baba Neema, hata kama ndivyo mlivyomwita msimu mzima. Barua yenye jina tofauti na la kitambulisho itakataliwa dirishani, na atarudi kwenu kuomba nyingine wakati mmeshafunga mashine na kwenda shamba.